Kulea vifaranga kwa kuku anayeatamia: mwongozo kwa mfugaji wa nyumbani

Katika nyumba nyingi za Mkoa wa Pwani na pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako wengi wetu tunafuga kuku kumi au ishirini nyuma ya nyumba, mambo huenda hivi: tetea hupotea kwa wiki tatu, kisha asubuhi moja hutokea nyuma ya rundo la kuni akiwa na vifaranga kumi na mmoja, watoto hushangilia, na mwezi unapokwisha hubaki vifaranga watatu. Hayo yamenipata mimi pia, na kwa muda mrefu nilimlaumu mwewe. Nilipoanza kuandika kwenye daftari kila kifaranga aliyekufa na namna alivyokufa, niliona kwamba mwewe alichukua wachache tu. Waliobaki waliuawa na umande wa alfajiri, na njaa, na uchovu wa kumfuata mama yao anayezunguka kutwa akitafuta chakula, na karibu wote walikufa kabla ya kutimiza wiki nne.

Kuku hutoa joto, ukali na mafunzo ambayo taa ya umeme na jiko la mkaa haviwezi kuyatoa. Asichoweza kutoa ni chakula cha kutosha na mahali palipozungukwa. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mgawanyo huo wa kazi, na kwa sababu hiyo sehemu ya wiki nne za kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine.

Kumtambua mlezi

Kuku wa mayai wa kisasa wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili wasiatamie, na machotara kama Kuroiler na Sasso, ambao sasa wamo katika nyumba nyingi za Tanzania, mara nyingi hutaga na kuyaacha mayai yao. Mlezi wa kutegemewa ni tetea wa kienyeji mwenye mwili wa wastani na manyoya mengi, hasa aliyekwisha kulea walau mara moja. Kuku wa aina ya kuchi huvutia kwa kimo chake, lakini manyoya yake ni haba na uzito wake huweza kuvunja mayai, kwa hiyo mimi huyaweka mayai ya kuchi chini ya tetea mdogo wa kienyeji, naye huwalea vifaranga hao bila kuwabagua.

Kuku aliye tayari kuatamia hujulikana. Huacha kutaga, hubaki kiotani hata usiku wakati wenzake wamepanda kwenye vichanja, hutoa mlio mzito wa mkatomkato, hutunisha manyoya mtu anapomkaribia, na ngozi ya kifuani pake huwa tupu na yenye joto kwa sababu manyoya ya hapo yamepukutika. Usimpe mayai mazuri siku hiyo hiyo. Mpe kwanza mayai mawili au matatu usiyoyategemea, yaliyotiwa alama kwa mkaa, na umwangalie kwa siku mbili. Akikaa usiku wa pili mzima, na akitoka kunywa maji akarudi mwenyewe bila kuswagwa, huyo amekwisha kuamua.

Mayai na joto la Pwani

Mayai ya kuatamisha hutoka kwa matetea wanaoishi na jogoo, na jogoo mmoja hutosha matetea wanane hadi kumi. Chagua mayai ya ukubwa wa wastani yenye ganda lisilo na ufa wala mikunjo. Yai kubwa kupita kiasi mara nyingi lina viini viwili, na ni nadra kutotoa. Usiyaoshe, kwa maana ganda limefunikwa na utando mwembamba unaozuia vijidudu kupenya kwenye vitundu vyake, nao huondoka kwa maji. Yai lililochafuka sana litumike jikoni.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni joto la mahali pa kuhifadhia. Kiinitete hutulia ndani ya yai lililo katika ubaridi, kwa kiasi cha nyuzi 20 za Selsiasi au chini ya hapo. Katika nyuzi 28 au 30, ambalo ndilo joto la vyumba vyetu vingi kuanzia Desemba hadi Machi, huanza kukua kidogo kidogo bila mpangilio, kisha hufa kabla kuku hajalilalia yai lenyewe. Mfugaji huyakuta mayai yameharibika na kumsingizia jogoo. Kwa hiyo muda wa siku kumi unaotajwa mara nyingi unaweza kufaa Lushoto au Njombe, lakini kwetu ni mrefu mno, na mimi sivuki siku tano. Huyaweka mayai ndani ya chungu kilichotandikwa mchanga mkavu, katika kona yenye ubaridi kuliko zote nyumbani, ncha nyembamba ikielekea chini, na juu ya kila yai huandika tarehe kwa penseli. Kwa kuwa tetea mmoja hawezi kutaga mayai kumi kwa siku tano, itakubidi uchanganye ya matetea watatu au wanne, na hilo halina ubaya wowote.

Idadi inayofaa ni mayai kumi hadi kumi na mawili kwa kuku wa wastani. Kipimo cha hakika ni jicho: kuku akishatulia, yai lolote lisionekane pembeni mwa mwili wake. Likionekana, liondoe, kwa sababu mayai huzungushwa kila siku, na yai la pembeni leo huwa la katikati kesho, hata mayai yote yakapata zamu ya kupoa.

Kiota na usiku wa kuanza

Sanduku la sentimita 35 kwa 35, au tenga kuukuu lenye upana kama huo, linatosha. Weka udongo mkavu chini, uubonyeze katikati uwe kama bakuli la kina kifupi, kisha tandika nyasi kavu. Mahali pawe na giza kidogo, pakavu, mbali na kuku wengine. Wenzake wakiweza kumfikia watataga humo humo, na utakuwa na mayai yenye umri tofauti ambayo hayawezi kutotolewa pamoja. Ikiwa eneo lako lina siafu, inua kiota juu ya kichanja na kila mguu wa kichanja usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, kwa sababu siafu wakimkuta kuku usiku hawampi nafasi, naye hukubali kufa kuliko kuyaacha mayai.

Kabla ya kumweka, mpake dawa ya unga ya wadudu inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo, chini ya mbawa na kuzunguka tundu la haja, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Utitiri na viroboto huzaliana haraka sana chini ya mwili uliotulia wenye joto, na kuku wengi wanaokimbia mayai wiki ya pili hukimbizwa na wadudu hao. Majani makavu ya tumbaku chini ya nyasi husaidia pia, na ni desturi ya zamani katika sehemu nyingi.

Mhamishe usiku, taratibu, bila mwanga mkali, ukiwa umekwisha kuweka yale mayai ya alama katika kiota kipya. Kesho yake jioni, akiwa ametulia, yaondoe na umwekee mayai mazuri yote kwa mara moja. Ukiwa na matetea wawili au watatu wanaoonyesha dalili za kuatamia kwa kupishana siku chache, mtulize wa kwanza kwa mayai ya alama hadi wenzake wawe tayari, kisha wape wote mayai usiku mmoja. Faida ya kufanya hivyo utaiona siku ya kutotoa.

Siku 21

Andika tarehe ukutani. Kuanzia hapo kazi yako ni ndogo, na sehemu kubwa yake ni kutomsumbua. Kuku hutoka mara moja kwa siku, kwa dakika 15 hadi 20 hivi, akala, akanywa, akaoga vumbi na kutoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali, jambo ambalo ni la kawaida wakati huo. Mayai hayadhuriki kwa muda huo mfupi. Weka mahindi au mtama na maji safi umbali wa hatua chache kutoka kiotani, ili asilazimike kwenda mbali wala kugombana na wenzake, na pembeni uweke rundo la mchanga uliochanganywa na majivu. Kuna kuku wachache, hasa wa mara ya kwanza, ambao hukataa kabisa kutoka. Huyo mwinue kila asubuhi kwa mikono miwili, ukihakikisha hakuna yai lililobanwa chini ya bawa, umweke mbele ya chakula.

Usiku wa saba pima mayai kwa tochi. Ziba kioo chake kwa karatasi ngumu yenye tundu dogo na uliegemeze yai hapo, upande mpana ukielekea mwangani. Yai linaloendelea vizuri huonyesha doa jeusi lenye mishipa ya damu iliyotawanyika kama utando wa buibui. Lililobaki angavu halikurutubishwa. Lenye duara jekundu bila mishipa lina kiinitete kilichokufa. Ondoa ya aina hizo mbili za mwisho. Rudia siku ya 14, kisha usiyaguse tena kuanzia siku ya 18, kwa kuwa vifaranga wanajipanga kutoka.

Kutotoa

Siku ya 20 au 21 utasikia milio ndani ya maganda, na kuku atajibu kwa sauti ya chini ambayo hukuisikia siku zote za nyuma. Tangu kifaranga atoboe ganda hadi atoke huweza kupita saa 12 hadi 24, na katika muda huo mkono wa binadamu huleta madhara kuliko msaada. Kifaranga huyo bado anamalizia kuvuta kiini tumboni, na mishipa ya utando ulio chini ya ganda bado ina damu. Ukimbandua kwa huruma, atavuja damu na kufa mkononi mwako. Nimefanya kosa hilo nikiwa na nia njema, na sitaki mwingine alirudie.

Usiwatoe waliotangulia kutoka. Kiini walichokivuta kinawatosha siku mbili bila chakula, na ndiyo maana kuku huendelea kukaa akisubiri wa mwisho. Ondoa maganda matupu tu. Siku ya 23 mayai yaliyobaki yamekuwa viza; yatoe kwa uangalifu yasipasuke, uyafukie mbali na banda.

Kama uliatamisha kuku wawili kwa pamoja, usiku huu ndio wa kuwaunganisha watoto. Chukua vifaranga wa kuku mmoja gizani na kuwapenyeza mmoja mmoja chini ya mwenzake. Asubuhi atawahesabu wote kuwa wake. Fanya hivyo kabla hawajatimiza siku mbili, kwa sababu baada ya hapo mama huwatambua wake na anaweza kuwadonoa wageni hadi kuwaua. Kuku mmoja wa wastani huweza kufunika vifaranga 15 hadi 18 majira ya joto, na pungufu ya hapo mwezi wa Juni na Julai. Yule aliyebaki bila watoto mrudishe katika kundi, apumzike na kurejea kutaga.

Wiki nne zinazoamua

Hapa ndipo vifaranga wengi hupotea, na dawa ya kwanza ni kutowafungulia. Mfungie kuku pamoja na watoto wake katika chumba kidogo au tenga kubwa la mianzi lenye nafasi ya mita moja na nusu za mraba, sakafu ikiwa imetandikwa maranda makavu au pumba za mpunga. Wiki mbili za kwanza wasitoke kabisa. Wiki ya tatu na ya nne watoke jua likishakausha umande, kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa wavu na kufunikwa juu, na warudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Najua wengi huona kumfungia kuku wa kienyeji ni kumtesa. Lakini kifaranga wa siku tano hana manyoya kamili, hana uwezo wa kujipasha joto mwenyewe, na kila hatua anayomfuata mama yake kwenye nyasi zenye maji huchota nguvu ambayo ingemkuza. Mama hawezi kuwangoja, kwa kuwa na yeye ana njaa ya wiki tatu. Mpe chakula mbele yake, naye atakaa chini na kuwafunika.

Maji ndiyo ya kwanza. Tumia sahani ya kina kifupi yenye vijiwe ndani, ili kifaranga anayeteleza asizame, na ubadilishe maji asubuhi na jioni. Chakula kiwe kile cha kuanzia cha vifaranga, chenye protini kati ya asilimia 18 na 20. Kwa vifaranga kumi, wiki nne hutumia kilo sita hadi saba hivi, yaani gramu 12 hadi 15 kwa kila mmoja kwa siku katika wiki ya kwanza, na karibu gramu 35 katika wiki ya nne. Usiwape kamwe chakula cha kuku wanaotaga, kwa sababu kina chokaa nyingi inayoharibu figo za kifaranga. Mama naye, kwa vile hatagi wakati huo, anaweza kula chakula cha watoto wake bila dhara, ila atakimaliza. Kwa hiyo tengeneza kizimba kidogo cha fito ndani ya chumba, fito zikiachana sentimita tano, na uweke humo chakula cha vifaranga. Wao hupenya, mama hubaki nje na mahindi yake. Kizimba hicho kimeokoa fedha na vifaranga wangu kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kukitengeneza.

Fedha ya chakula cha dukani isipotosha, changanya unga wa mahindi na pumba laini, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa, kisha ongeza mchwa. Geuza chungu kikuukuu chenye majani makavu na kinyesi cha ng'ombe kilicholoweshwa kidogo juu ya tundu la mchwa jioni, uweke kivuli juu yake, na kesho asubuhi utakikuta kimejaa. Vifaranga hukua vizuri mno kwa chakula hicho, na mama huwaita kwa sauti maalumu huku akiangusha mchwa mbele yao. Wakati huo ndipo hujifunza kuchakura.

Kuhusu maadui, mama hupambana kwa ujasiri. Huweza hata kumrukia mbwa. Lakini hawezi kupambana na kunguru wanaokuja kundi zima, wale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na ambao leo wametawala ukanda wa Pwani. Mmoja humchokoza huku mwingine akinyakua. Wavu wa juu ndio kinga pekee. Kwa panya na nyoka usiku, ziba kila tundu linalopitisha kidole gumba, na kwa nguchiro na kicheche funga mlango kwa komeo, kwani kamba huitafuna au kuisukuma.

Magonjwa mawili hustahili kutajwa kwa kirefu. Mdondo, unaoitwa pia kideri, huweza kumaliza banda zima kwa siku chache na hauna tiba, lakini chanjo yake ni rahisi kuipata. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, na hutolewa kwa tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na kwa kuku mkubwa vilevile, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo kubalianeni na majirani siku moja, mchangie gharama na mchanje mtaa mzima. Banda lililochanjwa katikati ya mabanda yasiyochanjwa haliko salama. Wa pili ni kuhara damu, ambao hushambulia zaidi vifaranga wa wiki tatu hadi sita na husababishwa na vijidudu vinavyostawi katika maranda yenye unyevu. Ukiona kinyesi chenye damu na vifaranga wamejikunyata manyoya yakiwa yamesimama, badilisha maranda yote siku hiyo hiyo na upate dawa ya amproliamu ya kuchanganya na maji, kwa maelekezo ya afisa mifugo. Wakati wa masika ongeza uangalifu juu ya ndui, inayoenezwa na mbu na kuacha vidonda vyenye magamba machoni na kwenye upanga. Chandarua kuukuu juu ya tenga usiku hupunguza hatari hiyo.

Kuwatenganisha

Kuku akiachiwa mwenyewe hukaa na watoto wiki nane hadi kumi na mbili, na kwa hesabu hiyo hulea takriban mara tatu kwa mwaka. Ukimtoa wiki ya nne, mwaka unaweza kumpa nafasi ya nne. Binafsi hutenganisha wiki ya nne majira ya joto na wiki ya sita wakati wa mvua au kipupwe, nikiangalia kwanza kama manyoya ya mgongoni yamefunga. Sikubali pia kuku mmoja alee mfululizo zaidi ya mara tatu. Kifua chake hukonda hadi mfupa ukaonekana kama ubao, na huyo humpumzisha.

Anayehamishwa ni mama, si watoto. Waache vifaranga mahali walipopazoea, kwenye chakula na maji yao, na umpeleke mama mbali kiasi kwamba hawasikilizani. Usiku wa kwanza watalia na kurundikana, na walio chini wanaweza kukosa hewa, kwa hiyo ziba pembe za chumba kwa maranda mengi au mbao za mshazari, na uwatazame saa tatu usiku na tena kabla ya kulala, ukiwatawanya kwa mkono. Usiku wa tatu huwa wametulia. Mama mrudishe kwenye kundi jioni, akiwekwa moja kwa moja juu ya kichanja kati ya wenzake, na umwongezee protini. Baada ya wiki mbili au tatu upanga wake utarudia wekundu, naye ataanza kutafuta kiota.